Siku Moja ya Kutembea Stockholm kwa Boti ya Matanga: Mwongozo kwa Anayefika Mara ya Kwanza

Kila kiangazi cha Ulaya kikikaribia, maswali huwa ni yale yale. Boti tunaiacha wapi? Maji yanakupwa kiasi gani? Visa ya kusafiria kwa ndege inafaa na kwa boti? Tubebe fedha taslimu? Wanaouliza ni Waswahili wanaoishi Ulaya waliopata rafiki mwenye boti, mabaharia wanaofanya kazi kwenye boti za watu, na familia zilizokodi boti wiki moja kuzunguka Baltiki, zikataka siku moja ya kushuka na kutalii mji.

Mwongozo huu ni wa siku hiyo moja, na ni wa Stockholm tu. Nimeichagua kwa sababu ni mji mkuu unaoweza kuufikia kwa tanga, ukafunga boti katikati ya mji, na ukitoka gatini uko mlangoni mwa makumbusho. Shauri langu kubwa ni hili: funga boti kwenye kisiwa cha Djurgården, usiiguse tena mpaka kesho yake, na uchague mambo matatu tu ya kuona. Wanaorudi wamechoka na kununa ni wale waliotaka kuona kumi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Pasipoti na visa ya Schengen. Visa ni ile ile, uje kwa ndege au kwa boti, ila hakikisha inaruhusu kuingia mara nyingi ikiwa safari yenu itatoka nje ya eneo la Schengen na kurudi. Ukitokea Ufini, Estonia, Denmark au Ujerumani hujatoka ndani ya Schengen, lakini pasipoti itembee nawe, isibaki kwenye begi la mtu mwingine.

Hati za boti: usajili na bima. Uswidi haidai leseni ya unahodha kwa boti ndogo ya starehe. Cheti kinatakiwa pale boti inapozidi urefu wa mita 12 na pia upana wa mita 4. Hata hivyo kampuni ya kukodisha ina masharti yake, kwa hiyo cheti cha nahodha kiwepo.

Kadi ya benki yenye kulipa kwa kugusa, na ya pili ya akiba kutoka benki nyingine. Fedha taslimu karibu hazina kazi. Maduka na migahawa mingi haipokei noti kabisa, na hata choo cha kulipia barabarani hutaka kadi. Utaona kila mahali neno Swish. Hiyo ni kama M-Pesa yao, lakini huwezi kuitumia bila akaunti ya benki ya Uswidi, kwa hiyo usipoteze muda kuisajili.

Kwa boti yenyewe: fenda za kutosha pande zote mbili (yale mapira ya kuzuia ubavu usigonge), kamba ndefu mbili za tezi (nyuma ya boti), kamba mbili za omo (mbele yake), na ndoano kubwa ya kunasa boya. Kebo ya umeme wa gatini iwe ndefu na yenye plagi ya bluu ya pini tatu. Ramani ya bahari ya kielektroniki iwe mpya, na iwepo nyingine ya karatasi au kwenye simu tofauti.

Nguo: koti la upepo na sweta, hata mwezi Julai. Viatu vyenye soli laini isiyoteleza, maana mitaa ya mji wa kale imetandikwa mawe na mvua ikinyesha yanateleza.

Wakati mzuri ni katikati ya Juni mpaka katikati ya Agosti. Mwisho wa Juni jua huzama kama saa nne usiku na kuchomoza saa tisa na nusu alfajiri, na mwanga huo mrefu ndio unaokuwezesha kwenda pole pole. Epuka mkesha wa sikukuu yao ya katikati ya kiangazi, ambayo ni Ijumaa kati ya tarehe 19 na 25 Juni. Siku hiyo wenyeji huhamia visiwani na mashambani, maduka mengi hufungwa, na utajikuta unapiga picha milango.

Hatua

1. Lala karibu usiku wa kuamkia siku yenyewe.

Usipange kutoka visiwa vya mbali asubuhi na kutalii mji siku hiyo hiyo. Funguvisiwa la Stockholm lina visiwa na miamba inayokadiriwa kufika 30,000, na njia ya kuingia inapinda katikati yake. Lala Vaxholm, mji mdogo wenye ngome iliyolinda njia hiyo. Kutoka hapo mpaka katikati ya Stockholm ni kama maili 10 za baharini, yaani saa mbili kwa mwendo wa noti tano (maili tano za baharini kwa saa).

2. Weka nafasi ya boti mapema.

Bandari ya wageni ninayoipendekeza ni Wasahamnen, kwenye kisiwa cha Djurgården, jirani kabisa na Makumbusho ya Vasa. Nyingine iliyo karibu ni Navishamnen, kisiwa hicho hicho. Julai hujaa. Bandari nyingi za Uswidi hukubali kuhifadhi nafasi kwa programu ya simu, na ukishalipa utapewa namba ya gati na namba za siri za mlango wa bafu na choo. Piga picha ya skrini, kwa sababu simu huzimika pale unapoihitaji.

Kama hukuweka nafasi, lenga kufika kati ya saa nne na saa saba mchana. Hapo waliolala wamekwisha kuondoka na wapya hawajamiminika. Ukifika saa kumi na mbili jioni utakuwa unazunguka na kuomba.

3. Ingia pole pole, ukikaa pembeni ya njia.

Alama za njia ni mfumo ule ule wa Mombasa na Dar es Salaam: ukitoka baharini kuingia bandarini, nyekundu iko kushoto na kijani kulia. Jambo geni ni miamba. Kwetu mwamba wa matumbawe unauona kwa rangi ya maji, lakini maji ya Baltiki ni meusi na jiwe lililo nusu mita chini halionekani hata jua likiwa utosini. Kosa linalotoboa boti nyingi ni kutazama ramani ya kielektroniki ikiwa imepunguzwa. Ukiipunguza, miamba midogo hufutika kwenye skrini. Ikuze, halafu iache hivyo hivyo.

Ukipita visiwa vya Fjäderholmarna, mkono wa kulia utaona ncha ya mashariki ya Djurgården, inayoitwa Blockhusudden. Kuanzia hapo mji unafunguka mbele yako. Meli kubwa za Ufini hupita hapa asubuhi na jioni, vivuko hukata mbele yako kila dakika chache, na boti ya matanga haina haki ya kumzuia mwenye meli asiyeweza kutoka kwenye njia. Shusha tanga mapema, washa injini, fuata mabango ya mwendo, na redio ya VHF iwe chaneli 16.

Mkono wa kulia, kabla ya kugeuka kuingia Wasahamnen, kuna kisiwa kidogo kinaitwa Beckholmen. Waonyeshe wenzako maji yaliyo karibu nacho. Hapo ndipo manowari Vasa ilipozama tarehe 10 Agosti 1628, safari yake ya kwanza, ikiwa haijaenda hata maili moja. Jioni mtaiona yenyewe.

4. Funga boti kwa mtindo wa huku.

Sahau kupwa na kujaa. Baltiki karibu haina mawimbi ya bamvua. Maji ya Stockholm hupanda na kushuka kidogo tu kwa sababu ya upepo na mgandamizo wa hewa. Baharia aliyezoea bamvua la Zanzibar, ambapo maji hutofautiana mita 3 mpaka 4, huacha kamba zimelegea kwa mazoea, na boti yake hucheza usiku kucha ikimgonga jirani. Huku kaza.

Bandari nyingi za wageni huelekeza omo gatini na kufunga tezi kwenye boya lililo nyuma. Fanya hivi. Tayarisha kamba ndefu ya tezi ikiwa na ndoano kabla hujakaribia. Nenda pole pole, pitisha boya ubavuni upande upepo unakotoka, aliye tezi alinase, kisha aachie kamba taratibu huku boti ikisonga mbele. Aliye omo ashuke gatini kwa hatua, asiruke, na afunge kamba mbili zikitanuka kulia na kushoto. Mwisho vuta kamba ya tezi mpaka omo iache nafasi ya hatua moja kutoka gatini.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kamba ya tezi kulegea ikaingia kwenye propela. Anayeishika asiiache hata sekunde moja kutazama mji. La pili ni kuingia kwenye nafasi ya mtu. Bandari nyingi huweka kibao kwenye kila nafasi: kijani maana yake karibu, nyekundu maana yake mwenyewe atarudi.

5. Dakika 20 za shughuli za bandari, kisha ondoka.

Lipa kama hujalipa, unganisha umeme, weka maji. Maji ya bomba ya Stockholm ni ya kunywa, jaza chupa zote na usinunue ya dukani. Tanki la choo lisimwagwe baharini: tangu 2015 ni marufuku kwa boti za starehe kumwaga maji ya choo popote kwenye maji ya Uswidi. Uliza mashine ya kunyonya iko wapi, utaitumia kesho unapoondoka.

Halafu toka. Watu hupoteza saa nzuri za siku wakikunja tanga upya na kusugua sitaha. Boti haitakimbia.

6. Panda kivuko kwenda Slussen, karibu na mji wa kale.

Kituo cha kivuko kiko Allmänna gränd, mbele ya Gröna Lund, bustani ya michezo iliyofunguliwa 1883. Kutoka Wasahamnen ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Kivuko hiki ni sehemu ya usafiri wa umma wa mji, kwa hiyo unagusisha kadi ya benki, na tiketi hiyo hiyo inafaa kwenye basi, tramu na treni za chini ya ardhi kwa dakika 75. Kila mtu agusishe kadi yake au simu yake.

Usilipie boti za watalii za kuzunguka bandari. Kivuko hiki kinakupitisha maji yale yale kwa bei ya nauli ya basi. Ukikaa upande wa kulia utaona kisiwa cha Skeppsholmen na meli nyeupe ya milingoti mitatu, af Chapman, iliyoundwa Uingereza mwaka 1888 na ambayo tangu 1949 ni nyumba ya wageni wa bei nafuu.

7. Gamla Stan, yaani mji wa kale, kabla ya chakula, kwa njia za nyuma.

Kutoka Slussen, mji wa kale uko dakika tano kwa miguu. Eneo la Slussen lina ujenzi mkubwa wa miaka mingi, hivyo fuata mabango, usifuate ramani ya zamani.

Wageni wote humiminika barabara ya Västerlånggatan, iliyojaa maduka ya sumaku za friji na kofia za Waviking zenye pembe (Waviking wenyewe hawakuvaa pembe). Ingia humo kwa hatua chache tu, utafute upande wako wa kulia kichochoro cha Mårten Trotzigs gränd, chembamba kuliko vyote mjini, sentimita 90 pale kinapobana zaidi. Panda ngazi zake utokee juu, kisha shika Prästgatan, iliyo sambamba na barabara ile yenye fujo lakini imetulia. Kwenye kona ya Prästgatan na Kåkbrinken, tazama chini ya ukuta: kuna jiwe la maandishi ya kale ya runi lililochomekwa kama tofali la kawaida, na mzinga wa zamani wa kivita umesimamishwa kulilinda dhidi ya magurudumu ya mikokoteni. Wengi hulipita bila kuliona.

Stortorget ndio uwanja wa katikati, wenye zile nyumba nyekundu na za njano zinazoonekana kwenye kila kadi ya posta. Novemba 1520 mfalme Kristian II wa Denmark aliwachinja hapa makabaila na maaskofu, watu wapatao 80 hadi 100, na hasira iliyofuata ndiyo iliyomtawaza Gustav Vasa na kuitoa Uswidi kwenye mikono ya Wadenmark. Upande wa kaskazini wa uwanja kuna Makumbusho ya Nobeli. Kwetu yana ladha ya pekee tangu Mzanzibari alipopata Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Ukiwa na dakika 40 ingia. Usipokuwa nazo, kunywa kahawa kwenye mkahawa wao na upindue kiti chako. Washindi wa tuzo wana desturi ya kutia sahihi chini ya viti.

Kubadilishana walinzi kwa Kasri la Mfalme huwa saa 6:15 mchana siku za wiki, na saa 7:15 Jumapili. Mimi ningeacha. Utasimama muda mrefu nyuma ya migongo ya watu uone manyoya ya kofia. Badala yake nenda nyuma ya kanisa la Kifini, mkabala na kasri, kwenye ua mdogo ambako kuna sanamu ya mvulana wa chuma aliyekaa akitazama mwezi. Ana urefu wa sentimita 15 hivi, na wakati wa baridi watu humfumia kofia na skafu.

8. Kula kabla ya saa nane.

Stockholm ni ghali, lakini chakula cha mchana siku za kazi kina bei maalumu, kwa kawaida kuanzia saa tano hadi saa nane. Tafuta kibao kilichoandikwa *dagens rätt* au *dagens lunch*. Kwa bei hiyo hupata sahani kuu, saladi, mkate, na mara nyingi kahawa. Saa nane ikipita, chakula kile kile hupanda bei.

Kwa wasiokula nguruwe: maneno ya kukariri ni *fläsk*, *gris* na *skinka*. Na zile nyama za mviringo maarufu, *köttbullar*, mara nyingi ni mchanganyiko wa ng'ombe na nguruwe hata pale zinapoonekana salama, kwa hiyo uliza. Samaki ndio kimbilio. Agiza *stekt strömming*, samaki wadogo wa Baltiki waliofunguliwa, wakapakwa unga wa nafaka ya rai na kukaangwa, juu ya mkate mweusi. Ni chakula cha watu wa kawaida, na ni kitamu kuliko vingi vinavyouzwa bei mara tatu.

Anayetaka kuswali, msikiti mkubwa wa mji uko kisiwa cha Södermalm karibu na uwanja wa Medborgarplatsen, dakika kama 10 kwa miguu kutoka Slussen au kituo kimoja cha treni. Ni kituo cha umeme cha zamani kilichojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 na kufunguliwa kama msikiti mwaka 2000. Adhuhuri ya kiangazi huingia karibu saa saba, kwa hiyo inaangukia vizuri baada ya chakula.

9. Panda juu ya Södermalm, kisha usifanye kitu.

Kutoka Slussen tembea kuelekea magharibi mpaka njia ya miguu inayoitwa Monteliusvägen. Ina urefu wa nusu kilomita hivi, imekaa ukingoni mwa jabali, na ina mabenchi. Chini yako ni maji ya Riddarfjärden, ambayo ni ya ziwa Mälaren, si ya bahari: Stockholm imekaa pale ambapo ziwa humwagikia baharini. Ng'ambo kuna Stadshuset, ukumbi wa jiji wa matofali mekundu wenye mnara wa mita 106, uliokamilika 1923, ambamo kila tarehe 10 Desemba hufanyika karamu ya Nobeli. Ndani huingiwi bila kiongozi wa ziara, na ndiyo sababu nimeuacha nje ya siku hii. Kutokea hapa juu unaonekana vizuri kuliko ukiwa chini yake.

Kaa. Nunua kahawa na andazi la mdalasini au la iliki njiani, ule hapo. Wenyeji huita mapumziko haya *fika*, na hata ofisini wanayaheshimu. Hili la iliki, *kardemummabulle*, mtu wa pwani atalipenda zaidi. Hatua hii ndiyo watu huiruka wakiona ni kupoteza muda, na ndiyo hiyo hiyo wanayoisimulia wakirudi.

10. Vasa saa kumi jioni.

Makumbusho ya Vasa hujaa kuanzia saa tano asubuhi. Juni hadi Agosti hufungwa saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo rudi na kivuko uwe mlangoni saa kumi. Makundi ya meli za kitalii yanakuwa yamekwisha ondoka. Walio chini ya miaka 19 huingia bure. Ndani ni nyuzi 18 hadi 20 na giza kidogo, kwa ajili ya kuhifadhi mbao. Hapo ndipo sweta lina kazi.

Anza ghorofa ya juu kabisa, mkabala na tezi yenye nakshi, kisha shuka. Meli ina urefu wa mita 69 na mizinga 64 iliyopangwa safu mbili, moja juu ya nyingine. Mwana maji ataelewa haraka kilichotokea: uzito mwingi juu, tumbo jembamba chini, mawe ya uzito ya kuisimamisha hayatoshi. Kabla ya safari walipima uimara wake kwa kuwakimbiza mabaharia 30 kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, na jaribio likasimamishwa maana ilikuwa inataka kupinduka pale pale gatini. Hakuna aliyethubutu kumwambia mfalme Gustav II Adolf. Upepo wa ghafla ukaiinamisha, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga yaliyoachwa wazi, na watu kama 30 wakafa mbele ya mji uliokuja kuishangilia.

Iliibuliwa tarehe 24 Aprili 1961, na asilimia 98 ya unayoiona ni mbao za asili. Kwenye maji yetu isingebaki hata ubao mmoja: chombo kisichopakwa deheni hutobolewa na wadudu wa baharini. Baltiki haina chumvi ya kutosha kwa wadudu hao kuishi. Saa moja na nusu inatosha, ingawa mwenye chombo chake hutaka mbili.

11. Jioni, rudi botini, halafu tembea tena.

Pika botini. Mgahawa wa jioni kwa watu wanne unaweza kula bajeti ya siku mbili, na mezani kwako una mandhari ambayo hoteli za jirani zinayatoza pesa. Saa mbili usiku jua bado liko juu. Shika njia ya ufukweni ya Djurgården kuelekea mashariki, chini ya miti ya mialoni. Kisiwa kilikuwa shamba la wanyama la mfalme, na sehemu kubwa bado ni msitu na majani. Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi.

Nilivyoviacha makusudi

Skansen, makumbusho ya wazi iliyoanzishwa 1891 na Artur Hazelius, ina nyumba za kale zilizohamishwa kutoka Uswidi nzima, pamoja na dubu na kulungu wakubwa wa kaskazini. Inataka nusu siku yake. Ukiwa na watoto, ibadilishe na Gamla Stan, usijaribu zote mbili. Makumbusho ya ABBA ni ya wapenzi wa ABBA. Na usijaribu kuizungusha boti yenyewe kuzunguka Gamla Stan: kati ya bahari na ziwa kuna milango ya maji ya kupandishia vyombo, mikondo na madaraja. Hiyo ni safari nyingine, haimo katika siku ya mapumziko.

Tahadhari za jumla

Nahodha wa boti yenye urefu wa mita 10 au zaidi akikutwa na pombe ya 0.2 kwa elfu kwenye damu ameshavunja sheria. Hicho ni kiasi kidogo mno. Anayeongoza chombo asubuhi asikae kwenye glasi usiku.

Maji ni baridi hata Julai. Baada ya giza, anayetembea gatini peke yake avae jaketi la kuokolea, na ajue ngazi ya kupandia iko wapi. Namba ya dharura ni 112.

Matatizo na utatuzi

*Bandari zote za Djurgården zimejaa.* Rudi Vaxholm, iache boti huko, panda boti ya abiria ya Waxholmsbolaget mpaka Strömkajen katikati ya mji, kama saa moja, au basi namba 670. Siku inabaki ile ile, ila jioni yako inakatwa na ratiba.

*Boti inayumba sana.* Ni mawimbi ya vivuko, na Wasahamnen yanasifika. Ongeza kamba ya pili ya omo, kaza ya tezi, sogeza fenda zikae pale ubavu ulipo mpana zaidi. Vivuko vikipungua usiku, hali hutulia.

*Makelele.* Ni watu wanaopiga mayowe kwenye mashine za Gröna Lund. Hunyamaza usiku. Mwenye mtoto mchanga aombe nafasi upande wa makumbusho.

*Umeme haufiki.* Angalia kwanza swichi ndogo ndani ya kisanduku cha gatini, mara nyingi imejizima. Kisha uliza kama nafasi yako inataka kufunguliwa kwa programu. Ukiwasha birika, jiko na hita kwa pamoja itajizima tena.

*Upepo wa ubavuni unakusukuma kila ukijaribu kuingia kwenye nafasi.* Usipigane. Toka nje, zunguka, omba nafasi upande mwingine wa gati, au mpungie mkono jirani apokee kamba. Huku kupokea kamba ya mgeni ni kawaida.

*Kadi imekataliwa getini kwenye kivuko.* Nunua tiketi kwa programu ya simu ya SL, kampuni ya usafiri wa umma wa mji, kwa kutumia kadi ya pili. Ukishindwa, tramu namba 7 kwenda katikati ya mji nayo haipokei taslimu, kwa hiyo tembea: kutoka Wasahamnen hadi Gamla Stan kupitia barabara ya Strandvägen ni kama nusu saa, na njia nzima iko kando ya maji.

*Mvua tangu asubuhi.* Geuza siku. Ingia Vasa saa mbili na nusu inapofunguliwa, kisha Nordiska museet, jengo kubwa lenye minara lililo jirani, kisha Vrak, makumbusho ya meli zilizozama, iliyofunguliwa 2021. Yote matatu yako hatua chache kutoka botini kwako. Gamla Stan iache mpaka mvua ikatike, hata kama ni saa moja usiku. Mwanga bado utakuwepo.

*Hamlali kwa sababu ya mwanga.* Funika madirisha ya sitaha kwa taulo nyeusi na kibanio cha nguo. Anayefuata nyakati za swala atazame ratiba ya msikiti wa Stockholm yenyewe, kwa sababu Juni programu za simu hutofautiana sana kuhusu isha na alfajiri.

*Kesho yake mnaondoka na tanki la choo limejaa.* Nyonya kabla ya saa tatu asubuhi, maana baadaye foleni huwa ndefu. Ukiondoka, achia kwanza omo, jivute nyuma kwa kamba ya tezi mpaka kwenye boya, fungua ndoano, ndipo uweke gia.